Corolla inazima kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta): nisafishe valvu ya sailensi au ninunue nyingine?

Swali: Mtaalamu habari. Nipo Morogoro, nina Corolla 110 ya injini 5A, otomatiki. Ilianza kuzima nikisimama kwenye mataa hasa nikiwa nimewasha AC, na asubuhi bila kukanyaga mafuta haikai. Fundi akakaza skrubu fulani pale kwenye throtoli (mlango wa hewa ya injini), kweli haizimi tena ila sasa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) inakaa 1500, saa nyingine inapanda na kushuka yenyewe, nikiweka D inaruka mbele. Fundi mmoja anasema valvu ya sailensi imekufa ninunue, mwingine anasema kontroboksi, ile kompyuta ya injini. Nisafishe, ninunue, au nifanyeje?

Jibu:

Kaka usinunue kitu bado, na huyo wa kontroboksi muache kabisa kwa sasa, maana kontroboksi za hizi Toyota kufa hivi hivi ni nadra na mara nyingi mtu anabadilisha, anakuta ugonjwa uko pale pale, hela imeshaenda. Kwa maelezo yako hapo una matatizo mawili, la kwanza lilikuja lenyewe, la pili umeletewa na hiyo skrubu, na ukisafisha valvu bila kurudisha skrubu utakuja kuniambia kusafisha hakusaidii.

Ngoja nianze na inavyofanya kazi ili fundi akikwambia kitu ujue anaongea nini. Gari yako throtoli inavutwa na kebo. Ukitoa mguu kwenye mafuta kile kipepeo, yaani kibati cha ndani ya throtoli, kinajifunga, kinabaki kauwazi kadogo sana ambako hakatoshi injini kupumua. Sasa injini inaishije ukiwa umesimama? Kuna njia ya pembeni, hewa inazunguka kipepeo na kuingia manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), na hiyo njia inafunguliwa na kufungwa na hiyo valvu tunayoiongelea. Kontroboksi ndo inaiamuru. Asubuhi injini ikiwa ya baridi inaifungua sana, ndo maana rpm inaanza juu afu inashuka taratibu injini ikipata moto, ukiwasha AC inaifungua zaidi kidogo kubeba mzigo wa kompresa, ukiweka D vilevile. Ikipata moto, gia iko N, AC imezimwa, 5A inatakiwa ikae kwenye 700 mpaka 800 hivi.

Valvu ikiwa chafu haiwezi kufunguka inavyoamriwa. Matokeo yake ndo hayo uliyoyataja mwanzo: asubuhi haikai, AC ikiingia inazidiwa na inazima, ukitoka spidi ukakanyaga breki kufika mataa rpm inadondoka moja kwa moja mpaka chini. Dalili zako za mwanzo ni za kitabu, wala sina wasiwasi nazo.

Uchafu wenyewe watu wanadhani ni vumbi la barabarani. Vumbi lipo kama eaklina (chujio la hewa) ni mbovu au haijakaa vizuri, lakini ile takataka nyeusi inayonata inatoka ndani ya injini yenyewe. Mvuke wa oili unatoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) kupitia mipira miwili, mmoja una kivalvu cha kupitisha huo mvuke kinaitwa PCV, unaingia manifoldi, mwingine unaingia kwenye bomba la hewa kabla ya throtoli, na huo wa pili ndo unaopaka oili kipepeo na njia ya sailensi miaka na miaka. Kwa hiyo ukisafisha leo na PCV imeziba, baada ya muda unarudi kule kule. Itoe hiyo PCV uitikise, isipolia chakachaka jua imekwama, badilisha, ni kitu cha bei ndogo.

Sasa skrubu. Ile skrubu inayozuia mkono wa throtoli imesetiwa kiwandani, nyingi zinakuja na alama ya rangi kuonyesha isiguswe, na kazi yake ni kuzuia kipepeo kisijibane kwenye ukuta, siyo kupandisha rpm. Fundi akiikaza anakifungua kipepeo kwa nguvu. Injini inapata hewa, haizimi, mteja anafurahi. Lakini ile sensa ya throtoli ina swichi ndani inayoiambia kontroboksi kwamba mguu umetoka kwenye mafuta. Kipepeo kikifunguliwa kidogo ile swichi inaweza kuachia, kontroboksi inadhani umekanyaga, inaacha kusimamia sailensi. Au swichi bado imeshika lakini rpm iko juu, hapo ndo unapata hiyo panda shuka: kontroboksi inaona mguu umetoka na injini inazunguka haraka, inajua uko kwenye mteremko umeachia mafuta, inakata petroli, rpm inadondoka, inarudisha petroli, rpm inapanda, inakata tena. Inaenda hivyo siku nzima. Na hiyo ya kuruka ukiweka D ni kwa sababu unaingiza gia injini ikiwa 1500, na gia boksi haipendi hiyo hata kidogo, kwa hiyo usiendelee kuitembeza hivyo muda mrefu.

Kabla ya kufungua chochote kuna kipimo nakipenda sana kwa sababu hakina gharama. Washa gari ipate moto, toa bomba la hewa mbele ya throtoli mpaka uone kipepeo. Chungulia kwenye ukuta wa throtoli upande wa mbele ya kipepeo, utaona tundu, hiyo ndo njia ya hewa ya sailensi. Injini ikiwa inaunguruma ziba hilo tundu kwa kidole. Rpm ikishuka sana au injini ikazima, hewa ya ziada ilikuwa inapita kwenye valvu, maana yake imekwama ikiwa wazi. Ukiziba na rpm haibadiliki, inabaki juu vilevile, hewa inaingia kwingine, ama kipepeo kimefunguliwa na skrubu ama kuna mpira unavuta hewa. Kwako mi nategemea hili la pili. Angalia tu tai, mikono ya shati na feni, na usiangushe kitu humo ndani.

Hapo hapo kagua mipira ya vakyumu. Ule mnene unaokwenda kwenye haidrovaki ya breki (kile kinachorahisisha kukanyaga breki), ule wa PCV, na vile vidogo vidogo vyote vinavyotoka kwenye manifoldi. Gari ya miaka ya tisini mipira imekauka, inapasuka kwa chini ambako jicho halifiki, pitisha vidole uupinde kila mmoja. Ubane mmoja mmoja kwa koleo lenye kitambaa, ukibana na rpm ikashuka ikatulia umeshampata mwizi. Wengine wanapuliza spreya ya kabureta juu ya mipira kusikiliza injini ikibadilika, inafanya kazi ila injini ya moto, koili na waya za plagi ziko pale, mi siipendi.

Na cheki maji ya rejeta. Usicheke, hii inawasumbua watu wengi. Throtoli ya hii injini inapitishiwa maji ya moto kwa mipira miwili midogo, na sensa ya joto inayoiambia kontroboksi injini ina moto kiasi gani inakaa kwenye maji. Maji yakipungua au kukiwa na hewa imenasa ndani, ile sensa inasoma baridi mara moto, na rpm inacheza nayo. Kama unaongeza maji kila wiki, anza na hilo kabla ya valvu.

Kuna na kipimo cha waya. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS, ukifungua kwa ndani ya kifuniko kuna ramani ya majina ya matundu. Tafuta TE1 na E1. Injini ikiwa na moto kamili, AC imezimwa, unganisha hayo mawili kwa kipande cha waya. Kontroboksi inatakiwa iifungue valvu yenyewe, rpm ipande mpaka kwenye 1000 au 1300 hivi kwa sekunde kama tano, afu irudi chini. Ikifanya hivyo, kontroboksi inaongea na valvu inasikia, na hadithi ya kununua kontroboksi imeishia hapo. Ila kipimo hiki kifanye baada ya kurudisha skrubu, sasa hivi kitakudanganya.

Haya kusafisha. Kwenye 5A valvu imekaa chini ya tumbo la throtoli na skrubu zake zinaangalia chini, kwa hiyo throtoli lazima itoke. Fundi anayekwambia atasafisha kwa kupuliza spreya kwa juu injini ikiwaka, anasafisha kipepeo tu, valvu inapata matone. Inasaidia wiki mbili tatu afu mnarudi.

Injini ipoe kabisa, siyo vuguvugu, maana utafungua mipira ya maji. Toa waya hasi wa betri. Toa bomba la hewa, kebo ya mafuta, konekta ya sensa ya throtoli na ya valvu, piga picha mipira midogo yote kwa simu kabla hujagusa, ni mingi na inafanana. Mipira miwili ya maji ikitoka izibe kwa boliti au uiinue juu, utapoteza maji kidogo tu. Throtoli imeshikwa na boliti na nati nne, spana namba 12. Ikigoma kutoka gonga kwa mpini wa nyundo, usiingize bisibisi katikati kuichokonoa, ule uso ni wa alumini ukiukwaruza utavuta hewa milele.

Sasa kazi yenyewe: zile skrubu nne za nyota zinazoshika valvu. Zimekaa miaka ishirini na kitu hazijaguswa, zimeshikana na alumini, na ukizizungusha na bisibisi iliyochakaa vichwa vinalika mara moja. Chukua bisibisi ya nyota mpya inayokaa vizuri bila kucheza, iweke wima kwenye kichwa, igonge nyundo kwa juu kwa nguvu ya kutosha mara kadhaa, ndo ukandamize na kuzungusha. Ukiwa na ile bisibisi ya kugonga inayojizungusha yenyewe, raha zaidi. Skrubu moja ikilika kichwa, usiwe na aibu kuipeleka kwa fundi mashine, na ukirudisha weka skrubu mpya zenye kichwa cha alen.

Ukishafungua utaona ndani kuna kitu kama kipande cha bomba kilichokatwa upande, kinazunguka kwenye ekseli yake kufungua na kufunga dirisha. Kizungushe kwa ncha ya kidole taratibu. Kizuri kinaenda huku na huku laini, kina kamvuto kadogo ka sumaku, ukikiachia kinarudi. Kilichokwama utasikia kinakwaruza au hakitoki kabisa. Puliza spreya ya kabureta, ngoja iloweke, sugua na mswaki wa zamani, futa, rudia mpaka inayotoka ni safi. Upande wenye koili na konekta uwe juu au pembeni wakati unapuliza, dawa isizame kwenye koili. Hakuna msasa, hakuna waya, hakuna bisibisi ya kukwangua, ukiweka mkwaruzo pale valvu haitaziba tena. Na ukimaliza usiipake oili wala ile spreya ya kulainisha kutu eti izunguke vizuri, oili ndo inayoshika uchafu, iache kavu.

Kuna watu wanasafishia petroli kwenye beseni. Inatoa uchafu, sikatai, ila inakula mpira wa gasketi na gereji zetu kuna mtu anachomelea mita tatu kutoka ulipo.

Wakati valvu iko mkononi ipime kwa maltimita (kifaa cha kupimia umeme). Ina pini tatu, ya katikati ndo inapokea volti 12, za pembeni zinaenda kontroboksi. Pima kati na kushoto, afu kati na kulia, ikiwa ya baridi upate kwenye omu 17 mpaka 25 kila upande, na pande mbili zisipishane sana. Upande mmoja usiposoma kabisa, koili imekatika, hapo ndo nitakubali ununue, hata uisafishe na maji ya dhahabu haitapona.

Gasketi nunua mpya zote mbili, ya throtoli na ya valvu. Ya valvu ina tundu la hewa na tundu la maji, ikivuja kati ya hayo mawili injini inakunywa maji ya rejeta na wewe unashangaa yanaenda wapi. Usipake silikoni mahali pa gasketi, inayozidi inaingia ndani inakatika inaenda kuziba ile ile njia uliyotoka kuisafisha.

Kabla ya kurudisha throtoli, malizana na skrubu ya fundi. Ilegeze mpaka kipepeo kifunge chenyewe kabisa, afu ikaze taratibu mpaka iguse tu ule mkono, ongeza kama robo mzunguko ili kipepeo kisijibane, kaza nati yake, basi. Kisha pima swichi ya sensa ya throtoli, pini za IDL na E2: kipepeo kikiwa kimefungwa maltimita isome zimeungana, ukikifungua kidogo tu ziachane. Kama haziungani legeza skrubu mbili za sensa uizungushe kidogo kidogo mpaka upate. Hii hatua mafundi wengi wanairuka na ndo inayofanya mtu arudi analalamika.

Ukifunga, jaza maji, washa hita ya ndani iwe moto, acha injini iungurume rejeta ikiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Kwa sababu ulitoa betri kontroboksi imesahau ilichokuwa imezoea, siku ya kwanza rpm inaweza kuwa ya ajabu ajabu. Iache iungurume bila AC mpaka feni iwake na kuzima, kisha washa AC dakika chache, kisha weka D ukiwa umekanyaga breki, kisha katembee. Usiguse skrubu tena kwa sababu tu rpm iko 900 dakika kumi za mwanzo.

Ukilazimika kununua: sehemu hii kwa Toyota namba yake inaanza na 22270 afu kistari na namba nyingine zinazobadilika kulingana na gari, hizo za mwisho ndo ufananishe. Beba ya zamani mkononi. Mi kati ya mpya ya bei rahisi isiyo na jina na iliyotumika ya Denso kutoka nosi kati (sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa na kuuzwa na injini yake) ya Japani, nachukua iliyotumika bila kufikiria mara mbili, hizi za kuigiza konekta inaingia, matundu yanalingana, lakini dirisha la ndani halijakatwa sawa na rpm haishuki vizuri. Ukiwa Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, nenda na maltimita yako, pima omu pale pale kaunta, izungushe kwa kidole, angalia kama kuna kutu ya maji kwenye ekseli, ndo utoe hela. Muuzaji akikataa usipime, duka la pili liko hatua mbili.

Wengine mnaosoma hapa mwenye gari tofauti msikopi kila kitu. Kama throtoli yako haina kebo, hiyo valvu haipo kabisa, motor ya kipepeo ndo inafanya kazi yote, usafishaji wake ni mwingine na usikisukume kipepeo kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Na wenye valvu za kusukuma ncha nje na ndani, Mitsubishi na Nissan kadhaa za zamani, msiivute wala kuisukuma hiyo ncha kwa mkono, mnaivunja kwa ndani. Hizo ndo zenye tabia ya koili kuungua au maji ya rejeta kuvujia ndani na kuchoma kontroboksi kweli, kwa hiyo huko pima koili kwanza kabla ya kuweka kontroboksi nyingine, la sivyo mpya nayo inaungua siku hiyo hiyo.

Wewe wa Morogoro ukimaliza yote hayo na bado inazidiwa AC ikiingia tu, huku bila AC imetulia kwenye 750, usirudi kwenye valvu. Pima chaji ya alteneta, tazama plagi na waya zake, na sikiliza kompresa ya AC yenyewe kama haijaanza kukaza, maana kompresa nzito inazima injini hata valvu iwe mpya ya kwenye boksi.